Asubuhi Ile Sikusalimia Mutu

Nchelenge, kando ya ziwa, upande wa Zambia

Mama yangu mupenzi,

Uko muzima? Na mugongo, unakuachia ulale? Na dada Ngoie anayekusomea barua hii, angali anasoma kama mutu anayegombana? Sisi huku tunapumua, na sasa tuko watatu: Odile amezaa mutoto mwanamuke! Piga kwanza vigelegele, halafu mwambie Ngoie aendelee. Ningepiga telefone kwa jirani yako, lakini kuko neno ambalo lazima likufikie wewe, hapana jirani.

Mama, mutoto wako ni mutu mukubwa. Masomo nilikomea darasa la sita, lakini leo natumikia kampuni ya taa za jua. Biro iko Lusaka, na mimi sijatoka hapa! Wakongomani wenzetu wanaoishi huku Puta, Chisenga na Kilwa, taa ikikataa kuwaka, wananipigia mimi. Kila asubuhi tunafanya mukutano mu telefone, watu sita, kila mutu kwake. Navaa shati na kravate. Chini ni kaptula, kwa sababu telefone haionyeshe chini. Kiingereza changu kinatembea na fimbo, lakini kinafika.

Siku ya kwanza niliwasalimia wote: wao, mabibi, mabwana, watoto, mpaka mbuzi. Chanda, mwenzetu wa Kasama, akacheka: "Ba Ilunga, mbuzi zimeitika. Tuanze kazi?" Shefu wetu, Madame Mutinta, akamukatiza: "Mumwache. Kwao walimufundisha." Tangu pale ni mimi njo nafungua mukutano.

Bon. Asubuhi moja Odile alikuwa siku ya pili na uchungu. Nilisimama nyuma ya ukuta wa hospitali, telefone mukononi, nikasema tu, "Niko."

Madame akaniuliza, "Ilunga, leo haukuuliza watoto wangu. Kuna nini?"

"Rezo ya telefone ni mbaya, Madame."

"Rezo ni nzuri. Ni wewe unakatika."

Mama, nikalia, na kravate yangu shingoni. Nikawaambia yote.

Madame akasema, "Sasa unafanya nini na sisi? Funga telefone, uende kwa muke wako."

"Na kazi yangu?"

"Itakukuta. Enda!"

Madaktari walimupasua Odile, wakatoa mutoto. Nilimushika mukono mpaka akafungua macho na kuniuliza kama nimekula. Chanda, asiyejua Kiswahili, njo alijibu wateja wangu. Alikuwa na salamu zangu tu, zile alizosikia kila asubuhi: akauliza kila muvuvi habari za bibi na mbuzi. Taa hazikuwaka, lakini wanamupenda kuliko mimi!

Sasa neno lenyewe. Asubuhi ile niliogopa kumwambia Madame kwa sababu ya patron wangu wa zamani, yule muchuuzi wa samaki. Baba alipokufa nilimuomba ruhusa nije kuzika. Akasema, "Ukienda, usirudi." Nikabaki nikipakia samaki, nikakutumia habari kwamba ziwa limechafuka, mashua hazivuki. Mama, ziwa lilikuwa limetulia kama maji mu sahani. Ulimuzika baba bila mimi, na tena ukafunga na kuomba eti mutoto wako asizame.

Madame amenipa konje ya kupumzika, na akasema ikiisha naweza kutumika kazi nikiwa Pweto kwako, mradi telefone inashika. Odile akipata nguvu tutapita Puta, tuvuke. Siji kutembea tu. Nitalala chini nyumbani mwako, bila kunyoa ndevu, kama mutoto aliyefiwa, hata kama ndugu zangu walishatoka matanga zamani. Ukitaka kunitukana, unitukane pale uso kwa uso. Usinyamaze tu.

Nisalimie Ngoie, mujomba mwenye kushona nyavu, na mama muchungaji aliyesimama na wewe kaburini mahali pangu.

Mutoto hatujamupa jina. Ukitufungulia mulango, utamuita wewe.

Ni mimi, muvulana wako mwenye haya,
Ilunga