Saa Tatu na Nusu, Mlango wa Bandari

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Mwaka wa tatu huu nimestaafu, kazi yangu kugombana na kuku wa jirani, leo Mkuu wa polisi wa bandarini ananipigia simu yeye mwenyewe. Boti namba mbili wanaiondoa majini mwisho wa mwezi. Wanataka historia ya boti zote za doria, tangu ile ya kwanza, isomwe mbele ya wageni. Afande, kumbukumbu yetu ni wewe, akasema. Nikavimba kichwa. Nikakubali kabla hajamaliza.

Mke wangu atapiga chapa. Miaka thelathini alikuwa katibu wa shule, mashine yake bado iko chumbani. Masharti mawili: mwandiko usomeke, na nisimsimamie mgongoni.

Jumatano, 6 Machi

Masjala kutwa nzima. Vumbi hilo! Karani amenipa kiti kibovu na kuniomba nisipige chafya juu ya faili.

Boti ya kwanza ilikuwa ya makasia. Askari sita, mikono imejaa malengelenge, wanafukuza wezi wa magunia ambao nao wanapiga makasia. Aliyechoka kwanza ndiye aliyeshindwa. Ikaja ya injini, wakaiita Kikohozi. Wezi walikuwa wanaisikia ikiwa bado gatini, wakimaliza kupakua ndipo wanaondoka, bila haraka. Nimecheka peke yangu hadi karani akanitazama.

Nimeandika pia kuhusu kupeana mkono. Hii haipo katika sheria yoyote, ni yetu sisi. Boti inayolinda mlango wa bandari haiondoki mpaka ya zamu inayofuata ifike ubavuni, manahodha wapeane mkono juu ya maji. Hakuna mkono, hakuna kuondoka. Mlango ukiachwa wazi, hakuna wa kuziweka mashua ndogo kando meli kubwa zikiingia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeliona. Daftari la boti namba mbili, mwaka ule. Nilijua lipo, nikajifanya sijui.

Mwandiko wangu, nahodha wa boti ile. Saa kumi na mbili asubuhi hadi mwisho wa zamu, wino mmoja, mlalo mmoja, kama imla. Kwa sababu niliandika yote alfajiri, boti ikiwa bado imefungwa gatini! Tulikuwa tunaita kupika daftari. Wote tulipika. Siku zote bandari ilikuwa shwari, basi tukiandika shwari tunakosea nini?

"Saa tatu na nusu: tumekabidhi mlango kwa boti namba nne."

Hatukukabidhi. Saa tatu tulishakuwa kantini tunakunywa chai. Saa nne kasoro dakika ishirini, boti ya kuvuta meli ikaigonga mashua ya vibarua pale mlangoni. Wawili walizama. Nasikia mpaka leo kengele ya gatini, na mimi nimeshika kikombe.

Nahodha wa boti namba nne alikuwa shemeji yangu. Kaka wa mke wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Sikuandika historia leo. Nimefagia uwanja mara mbili. Mke wangu akauliza kama tunatarajia rais.

Jumanne, 12 Machi

Niandike basi, hapa angalau.

Kwenye uchunguzi shemeji alisema jambo moja tu: hawakunipa mkono. Saa tatu na nusu ndipo alipoondoka gatini, ajali ikamkuta njiani, akijua mlango una mtu mpaka afike. Wakafungua daftari langu. Wakamwambia alipokea mlango akauacha, na sasa anasingizia wenzake. Wakamfukuza kazi. Mimi miezi minne baadaye nikapandishwa cheo.

Nje ya chumba kile nilimfuata.  Akaniambia dada yake ana mimba ya miezi saba, basi yaishe. Yakaisha! Kwake ndiyo yakaanza. Anatengeneza injini za watu kwenye kibanda cha mabati. Na mke wangu miaka kumi na tisa anaamini kaka yake aliuacha mlango siku ile, watu wakafa. Akija hapa anampa chakula bila kumtazama. Nami nakaa pale pale, namkaribisha: kula, shemeji, kula.

Najuta. Neno lenyewe dogo, halitoshi hata kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeenda kibandani. Mikono yake imejaa grisi, akanipa kifundo cha mkono nishike. Nikamwambia nimefika kwenye ukurasa wa ile ajali. Akaendelea kufungua nati. Akasema niandike kama nilivyoandika siku ile, yeye ameshazoea.

Nikasema sitaki. Ndipo akanitazama. Akauliza kama dada yake anajua ninachotaka kuandika. Nikasema atapiga chapa yeye. Akapangusa mikono kwa kitambaa. Kisha akasema ana picha ya zamani ya boti namba nne, Jumamosi saa nne ataileta, labda itafaa kitabuni.

Kinywani mwake sikupata lawama hata moja. Heri angenitukana!

Jumamosi, 16 Machi

Nimeandika ukurasa wa kumi na moja mara tano. Wa mwisho una mistari tisa. Saa zote zimo, chai imo, jina langu na cheo changu vimo. Nilitaka kumwambia mke wangu kwa mdomo kwanza. Asubuhi nilimwita, akaja, nikamuuliza kama tuna sukari.

Kwa hiyo nimeuweka ukurasa katikati ya rundo, kati ya Kikohozi na boti mpya. Woga ule ule wa kantini. Umri umeongezeka, mtu ni yule yule.

Yuko chumbani anapiga chapa. Niko sebuleni, mlango uko wazi kidogo, namsikia. Alicheka kwenye wezi wa magunia. Akaniita: baba watoto, hawa wezi wako wana adabu! Ukurasa wa tisa. Wa kumi. Amevuta karatasi, ameweka nyingine.

Mashine inakwenda.

Imesimama.

Labda anafuta kosa. Yeye hakosei.

Saa nne kamili. Hodi! Shemeji yuko mlangoni na picha yake. Anaita mara ya pili. Chumbani hakuna anayeitika, na kiti hakijasogea. Nimeinuka, kalamu ingali mkononi