Pedali Mbili Zinanitosha

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepakia mbegu za maharage Lukole, nikanywa chai ya rangi, nikageuza pikapu. Kama kila Jumatatu. Tairi sawa, maji sawa. Mpaka kilima cha kuingilia Nyabusozi.

Injini inanguruma, gari haliendi. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, kilima hakipungui. Lori nyuma yangu likapiga honi. Nikashusha gia mpaka L, ile ya nguvu, gari langu likapanda kwa mwendo wa mbuzi mgonjwa.

Nyumbani nimejaribu tena. Nikiweka D ya kwenda mbele, linangoja. Moja, mbili, tatu, ndipo linashtuka. Rivasi vilevile. Halikuanza leo. Nimekuwa nikijidanganya tangu Julai.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi Mashaka kaja. Hakulala chini, hakufungua hata boliti moja. Kachomoa stiki ya kupimia oili, kanusa, kakunja uso.

"Gia boksi imekufa, dada Vestina. Tuitoe hii otomatiki, tukuwekee ya kawaida. Ya klachi."

"Klachi nitaikanyaga na nini?"

Kaangalia mguu wangu wa kushoto. Kuanzia chini ya goti ni plastiki na chuma, tangu ile pikipiki iliponigonga. Mwaka wa saba huu. Ndiyo maana nilitafuta pikapu ya otomatiki. Mafuta na breki, basi. Mguu wa kulia unatosha.

"Kaka yako ataendesha," akasema.

Kwa hiyo wameshazungumza. Gari langu, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Jumatano, 10 Septemba

Kaka Deo kaja kula ugali wa muhogo kwa mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Anasema nipumzike. Nimehangaika vya kutosha. Yeye atabeba mizigo, mimi nikae nyumbani na mama. Mama alikuwa anatazama sahani yake.

Nina hasira. Nani kamwambia nimechoka? Miaka miwili baada ya ajali nilibebwa kama gunia. Nipandishwe, nishushwe, ningoje mtu apate nafasi. Hata kliniki nilikwenda kwa huruma za watu. Sirudi huko.

Kabla ya ajali nilikuwa karani wa stoo kwenye gereji ya mkandarasi wa barabara. Miaka sita. Niliandika filta zilizotoka na oili zilizoingia, na kutwa nzima nilisikia mafundi wakibishana. Gia boksi ikichelewa namna hii, kwanza hubadilishwa oili na filta. Msiba hutangazwa baadaye. Mashaka ameanza na msiba.

Nimepiga picha kibati cha namba za gari, nikaituma duka la vipuri Kahama. Filta ipo. Gasketi yake ya kuzuia uvujaji ipo. Vinakuja kesho na basi.

Alhamisi, 11 Septemba

Kifurushi kimefika. Filta, gasketi, madumu ya oili nyekundu. Mashaka kanikuta stendi. Kasema oili mpya ikiingia kwenye gia boksi ya zamani inaimaliza kabisa, maana uchafu ndio unaoishikilia. Nimemjibu kwamba kama inashikiliwa na uchafu, basi tuone.

Nimerudi kwa bodaboda, macho nimefumba. Huenda anasema kweli. Sijali. Hapana, najali sana. Nitafanya hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Mikono inanuka, kalamu inateleza. Naandika hata hivyo.

Asubuhi nimeacha injini inanguruma dakika kumi ili oili ipate joto, nikazima. Jeki. Magogo manne ya mkaratusi chini ya fremu, mawe kwenye tairi. Nimelisukuma kwa bega, halitikisiki. Nikavua mguu, nikauegemeza kwenye tairi la mbele, nikajiburuza chini ya gari juu ya gunia.

Sampo, lile beseni la chuma lililo chini ya gia boksi, halina tundu la kumwagia oili. Lazima ulegeze boliti zote, kona moja itangulie, oili itoke polepole. Boliti ya kumi na moja ilikataa. Kichwa kikaanza kulika. Nimelia kwa hasira. Nikaipiga kwa patasi na nyundo mpaka ikazunguka. Sampo ikainama upande nisioutaka, oili ikanimwagikia shingoni. Nyeusi. Inanuka kama maharage yaliyoungua.

Iliyobaki nimeikinga kwenye ndoo. Hapo ndipo nikasikia gari lingine uani. Nikaona viatu vya kaka, na viatu vya Mashaka. Mnyororo ukaburuzwa, ukafungwa mbele.

"Vestina, toka. Tunalipeleka gereji mjini."

"Nani kasema?"

"Tumeshakubaliana."

"Nani na nani?"

Viatu vya Mashaka vikarudi nyuma hatua moja.

"Toka, mdogo wangu. Usituaibishe mbele ya watu."

"Kadi ya gari hili ina jina langu, kaka. Na mimi niko chini yake. Vuta."

Sijawahi kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Spana niliishika kwa mikono yote miwili, sijui kwa nini, haikuwa na kazi yoyote.

Hakuvuta. Lakini mnyororo hakuutoa. Nilimsikia akimwambia Mashaka wangoje tu, nitachoka. Ndipo nikaona miguu ya mama. Kaja na kigoda na ungo. Kaweka kigoda katikati ya yale magari mawili, mbele ya bampa langu, kakaa, kaanza kuchambua maharage.

"Mama, ondoka hapo," kaka kasema.

"Nachambua mbegu," mama kajibu. "Ninyi endeleeni na yenu."

Wamesimama. Jua limepanda. Mama kachambua ungo wa kwanza, kajaza wa pili. Mwishowe nikasikia mnyororo unafunguliwa. Sikuwaaga.

Nimeendelea. Ndani ya sampo kuna sumaku ya kunasa chuma. Niliiogopa hiyo kuliko kaka. Nimepangusa ute wake, nikausugua kati ya vidole. Wa kijivu, laini, kama majivu yaliyoloweshwa. Hakuna kipande hata kimoja. Vipande ndivyo vingekuwa kifo. Filta ya zamani imeshikwa na boliti tatu. Nimeitoa, imeziba tope, nzito. Gia boksi haikufa. Ilikuwa inakosa pumzi.

Mama kanimwagia maji ya moto mgongoni. Tumesugua shingo kwa jivu na sabuni.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwangua gasketi ya zamani asubuhi nzima. Petroli, kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Filta mpya imekaa. Sampo imerudi. Boliti nimezikaza kwa kuvuka, huku na kule, kwa nguvu ya mkono tu. Ukikaza mno, gasketi inatoka nje na kazi yote bure.

Jana oili nyeusi niliipima kwenye madumu kabla ya kuitupa. Leo nimerudisha kiasi kile kile, kwa faneli na mpira mwembamba, kupitia tundu la stiki. Inashuka polepole mno. Nimeshusha gari chini, nikavaa mguu, nikawasha. Breki nimekanyaga, gia nimezipitisha zote moja baada ya nyingine. Nikapima. Nikaongeza kidogo. Nikapima tena.

Kisha D. Nikaanza kuhesabu. Halikuningoja hata nimalize kusema moja.

Nimelipeleka kilimani. Limepanda. Nimegeuza, nikashuka, nikalipandisha tena kwa makusudi, dirisha wazi, wanaume wa kijiweni wote wakiona. Wakae na kumbukumbu hiyo.

Niandike na ukweli. Gia ya pili kwenda ya tatu bado linatetemeka kidogo. Oili nyingine ya zamani imebaki ndani, haitoki yote mara moja. Baada ya safari kadhaa nitamwaga tena. Mimi mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempeleka mama misa ya pili. Kakaa kiti cha mbele. Kilimani alishika mlango, kisha akauachia.

Tulipotoka kanisani kaka Deo alikuwa amesimama karibu na gari. Kainama, kaangalia chini kama kuna oili inayodondoka. Udongo mkavu. Akajipangusa magoti.

Shikamoo. Marahaba.

"Jumanne nina mihogo ya kutoa Kaniha," akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja."

Akaitikia kwa kichwa. Akazunguka, akapanda nyuma kwenye bodi pamoja na majirani wawili, akapiga bati kwa kiganja kunijulisha kwamba wamekaa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ngara, lakini mvua bado. Nimewashusha mmoja mmoja, kila mtu mlangoni kwake.