Namba Nilizofuta kwenye Daftari Lako

Mwanangu Somoe,

Nakuandikia hadharani kwa sababu aibu uliipata hadharani. Pumzi zangu zimekuwa fupi, lakini hili siwezi kwenda nalo kaburini.

Unakumbuka ua wetu wa Rasbura, baada ya sala ya Isha? Ulilala chali mkekani na darubini ya mkononi, ukipima mng'ao wa nyota tuliyoichagua kwa kuilinganisha na jirani zake. Setilaiti moja ya kuchunguza nyota ilikuwa imeiorodhesha kuwa nyota inayong'aa na kufifia. Wewe, majuma mazima, uliandika namba ileile.

"Baba, hii imetulia. Inayofifia ni ile ndogo ya pembeni."

"Setilaiti iko juu ya mawingu, wewe uko juu ya mkeka. Nani anaona vizuri?"

"Basi ivalishwe miwani!"

Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na nilishawatangazia wenzangu kwamba binti yangu anathibitisha kazi ya setilaiti. Ulipokwenda Mtama kwa shangazi yako, nilichukua ufutio, nikafuta namba zako za penseli, nikaandika nyingine zinazopanda na kushuka kama setilaiti ilivyosema. Nikazituma kwa jina lako kwenye kikundi cha watazamaji wa nyota. Nilijidanganya kuwa nakuokoa.

Kisha waliopima kwa darubini kubwa wakagundua kwamba setilaiti ile haitenganishi nyota zilizokaribiana. Mwanga wa mbili iliuhesabu kuwa wa moja. Iliyobadilika ni ile ndogo. Wale wa kikundi wakauliza: huyu Somoe aliona nini? Wakaliondoa jina lako kwenye orodha yao.

Walimu wenzangu walikuja nyumbani kusikia maelezo yako. Ulilifungua daftari, ukatazama kurasa zilizochakaa kwa kufutwa, ukanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

"Nilikosea," ukawaambia. "Baba alinionya."

Mmoja akatania, "Mwanafizikia wa mkekani!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Kicheko hicho ndicho kinachonikaba leo kuliko kikohozi. Hukushika tena darubini.

Jana niliwaandikia wanakikundi ukweli wote. Hawajajibu, na sijui kama nitakuwepo wakijibu. Walimu waliobaki nimewaita waje Ijumaa, niwaambie kwa mdomo wangu.

Umenisitiri miaka yote hii, mwanangu. Inatosha. Yeyote akikuuliza, mwambie ni baba.

Niwie radhi,
Baba yako