Ni Kweli Ninatembea

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zitakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Binti yetu anamwamkia shangazi yake. Siku hizi ananiamrisha kama vile yeye ndiye aliyenizaa.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeandika kwamba umesikia ninatembea na fundi saa, ilhali mdogo wako hajamaliza hata mwaka kaburini. Wifi, ni kweli, ninatembea naye. Jumamosi iliyopita tulitembea kilomita ishirini na nane, kutoka stendi hadi kiwanda cha matofali na kurudi, na kucha ya kidole gumba imeng'oka. Mke wake tulikuwa naye, amebeba maji na ndizi. Nilipomsomea maneno yako alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema kama ni kutembea basi nimchukue tu, ila nimrudishe kabla ya chakula cha mchana. Anayetaka kutusengenya aje na viatu.

Nafanya mazoezi ya marathoni, ile nzima, ya kilomita arobaini na mbili na ushei. Sikimbii. Wanaturuhusu sisi wa kutembea, mradi tuondoke saa kumi na mbili asubuhi na kufika kabla ya saa nane na nusu mchana. Fundi saa amepiga hesabu: kila kilomita dakika kumi na mbili, na zinabaki dakika nne tu za kupumzika. Ameniambia nifunge kamba za viatu vizuri, maana nikisimama kuzifunga mara mbili tatu, sifiki.

Unakumbuka tulivyoanza na mdogo wako? Tulianza na kilomita tano, za kuchangia zahanati, nami nikaenda na viatu vyangu vya harusi kwa sababu sikuwa na vingine vya kufunga. Mwaka uliofuata tukatembea kumi, kisha ishirini na moja, mvua inatunyeshea tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka thelathini na moja ya kusoma mita za maji ilimfanya ajue kila geti. Tukipita nyumba hii ananiambia mita yake imejificha nyuma ya banda la kuku. Tukipita ile, kwamba mbwa wake ni mpole, mwenye nyumba ndiye anayeuma. Tukirudi alinikalisha kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akanipaka mafuta ya mgando visiginoni, taratibu, kama mtu anayelainisha bawaba. Sasa najipaka mwenyewe, wifi, na visigino ni vilevile, lakini mkono si ule.

Baada ya ile ishirini na moja alitaka nzima. Unajua alivyokwenda kujiandikisha, na siku ya kuchukua namba akaambiwa jina lake halimo. Alikusimulia mwenyewe, kwamba wameona mvi zake wakamkata. Ulikasirika sana kwa ajili yake, ukataka kwenda kuwasema.

Hawakumkata wao. Ni mimi.

Daktari aliyempima kwa ajili ya mbio aliniita pembeni, akaniambia moyo ule hauwezi mwendo huo, nami nimweleze mume wangu polepole. Kila nikitaka kumweleza, namkuta anapiga viatu vyake ukutani kutoa vumbi, anapiga mluzi. Nikashindwa. Nikaenda kwa karani wa mbio, nikasema mume wangu ameahirisha. Karani akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina lake. Siku ile aliporudi mikono mitupu nilimpa chai, nikamwambia hao hawana adabu. Alivifunga viatu kwa gazeti, akavitia chini ya kitanda, na mtaani hakutembea tena. Miezi minne baadaye akatuacha. Pengine nilimwongezea siku. Pengine nilimpunguzia. Ninachojua ni kwamba alikufa akiamini watu wamemwona mzee, kumbe aliyemwona hivyo alikuwa anamtengea chai.

Ndiyo maana ninatembea. Sidhani kama marathoni itafuta nililolifanya. Ila nimeona nisiibebe siri hii mpaka huko mwisho na wewe hujui.

Mbio ni Jumapili ya tatu ya mwezi ujao. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika mtu wa kupigiwa simu nikianguka njiani. Miaka yote nilimwandika yeye. Safari hii kalamu ilisimama, kisha nikaandika jina lako na namba yako. Kama baada ya kusoma haya hutaki liwemo, niandikie, nitalifuta kabla ya kuipeleka fomu. Lakini nimekuuliza kwanza, wifi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi,
mke wa mdogo wako