Vali Nane za Kirikuu cha Marehemu Filipo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elimringi Kileo
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa injini
Makazi: Bonga, Babati Mjini

Nina gereji Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Nimeonywa niseme kweli tupu. Hiyo ndiyo nitakayoisema.

Mnamo tarehe 4 Agosti 2025, asubuhi, Conjesta, mjane wa Filipo, alileta kirikuu cha marehemu, kigari cha mizigo, kikivutwa na trekta. Ndicho anachobebea mbaazi za watu kwenda sokoni, na ndicho kinacholisha watoto wake. Injini ilikuwa inakohoa, haina nguvu. Nilifungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, nikamwonyesha vali mbili za kutolea moshi, zimeungua ukingoni. Akaniuliza, "Baba Clara, itapona?" Nikamwambia itapona.

Nilianza kusaga vali zote nane, kila moja kwenye kikalio chake, pale inapoziba, mpaka petroli niliyomimina juu haikuvuja. Kila niliyomaliza niliichomeka kwenye ubao wenye matundu yenye namba, maana vali iliyosagiwa hapa haizibi pale. Ukizichanganya, umeanza upya.

Tarehe 7 Agosti nilikwenda mjini kutafuta raba za vali. Sikupata. Niliporudi kirikuu hakipo. Jirani yangu Mustapha, mshona viti, akaniambia kimevutwa na Vitus, mdogo wa marehemu, amesema ni gari la ukoo. Hedi na vali zilikuwa ndani ya gereji, nimezifungia. Wahenga walisema kufa kufaana, na huyo Vitus hakusubiri hata arobaini ya kaka yake.

Nilimpigia Conjesta simu, akaja kwa miguu kutoka Nangara. Hakulia. Alikaa juu ya tairi, akasema, "Malizia tu, Baba Clara. Watalirudisha." Nilijua hawatalirudisha. Nadhani hata yeye alijua. Nikasaga zilizobaki, na sijawahi kusaga vali vizuri kama zile.

Leo tarehe 11 Agosti, saa 4 asubuhi, Vitus alikuja na askari, akidai shemeji yake ameiba kichwa cha injini. Nilieleza kwamba hedi niliifungua mimi, mchana, kwa kazi. Afande akasema vifaa vyote vije kituoni mpaka shauri liishe. Kabla sijafika kwenye meza ya kazi, Vitus alikwisha kuinua ubao na kuzimwaga vali zote ndani ya kiroba.

Nikamwambia, "Taratibu, zina mpangilio."

Akajibu, "Chuma ni chuma, fundi."

Conjesta alikuwa amefika, amesimama mlangoni. Alizisikia zikigongana, akageuka akaondoka bila kuaga.

Hapa kituoni nimeulizwa kama vali zimetimia. Nimezihesabu juu ya meza, zimechanganyika. Zimetimia. Imeniuma kulitamka neno hilo, lakini ndivyo zilivyo. Conjesta hakuiba kitu.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na sina la kuongeza.

Sahihi: E. Kileo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Devotha, leo saa 7 mchana. Vielelezo: silinda hedi moja, na vali nane ndani ya kiroba. Vimepokelewa vikiwa kamili, hakuna kilichopungua.