Ufunguo wa Mkuu

Dada yangu,

Barua hii naipitisha kwa fundi wako wa cherehani, kama ulivyoagiza. Huku sote wazima. Paa la jikoni limezibwa, na mgongo umeacha kuniuma tangu nibadilishe kiti cha kuchorea.

Bado nachora ile katuni ya mazombi. Wasomaji hawayaogopi mazombi tena, wanamwogopa Mkuu, yule anayewalinda watu ndani ya ukuta na kuvaa ufunguo wa geti shingoni. Juzi nilikosa maneno ya kumtia mdomoni, nikaazima yale ya shemeji uliyoniandikia kama utani: "Nakufungia ndani kwa sababu huko nje hakuna atakayekupenda kama mimi."

Mhariri aliyakata kwa kalamu nyekundu. Alisema nimetia chumvi mno, hakuna mtu anayeongea hivyo.

Katika toleo lijalo, mwanamke mmoja anaondoka mchana kweupe, Mkuu akiwa anakagua ukuta. Mahali anapofikia bado sijapachora.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Komeo lake liko upande wa ndani.

Mdogo wako