Fundi wa Kioo Namba Tisa

Nyumba ya ghorofani, nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Na shemeji, mguu umeshapona? Sisi ni wazima wa mwili. La moyo ndilo lililonikalisha kuandika.

Wifi yako amepata kazi serikalini, katika chumba cha kamera za barabarani. Anashinda mbele ya vioo akitazama wezi na ajali. Nilifurahi sana. Sasa nakwambia wewe tu: nina wivu, dada, hata chakula hakishuki.

Kioo chake namba tisa kinamwonyesha fundi viatu wa kona ya benki. Kila jioni naletewa habari zake kama za jamaa: leo fundi kachelewa kufungua, leo anakohoa, maskini, leo kavaa kofia mpya, imemkaa vizuri. Mimi nilinyoa masharubu tarehe pili, nimeandika katika shajara yangu. Siku zikapita, hakuona.

Alhamisi nikabandua soli ya kiatu kizima, nikampelekea fundi. Nilikwenda kumchukia, ikanishinda. Ni mcheshi, na kofia kweli imemkaa. Akanionyesha kamera kwa nyundo yake: “Tangu waweke hilo dude, bwana, hakuna aliyenivunjia kibanda. Nashukuru. Ila siku hizi hata kujikuna nageukia ukutani. Hujui nani yuko upande wa pili.”

Mimi namjua. Ulimi uliniwasha, dada. Lakini wameapishwa kutosema wanachokiona. Ningefungua mdomo, kibarua cha wifi yako kingeota nyasi. Nikachukua kiatu changu nikaondoka, na fundi akanipungia mkono kama rafiki.

Jioni, wifi yako hata hajaweka mkoba chini, akaanza kucheka: “Ulifuata nini kwa fundi wangu? Na masharubu umeyapeleka wapi?”

Fundi wangu! Nyumbani tunakula meza moja, na masharubu kayaonea kiooni.

Nilitaka unishauri kama nimwonye yule fundi kuhusu anayemtazama. Naona aibu kukuuliza, maana nimeshapiga pasi shati la buluu. Kesho napita tena pale kwenye kona, polepole.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu, hasa Kibonge. Mungu akulinde mchana na usiku, na akuachie pahali pa kujikuna bila kuonwa.

Mdogo wako akupendaye.